Karthala kwa "siku moja": mlima maashallah, ofisi iliyotuuzia hapana

Nianze na la mwisho ili mwenye haraka asihangaike: Karthala nenda, ila usiende kwa ile safari wanayoiuza ya siku moja. Mimi nimeenda hiyo ya siku moja, mwezi wa nane, nimerudi mzima alhamdulillahi, lakini wiki mbili baadaye bado nilikuwa nashuka ngazi za nyumbani hapa Mkomani kinyumenyume, na ngazi za nyumba zetu za Lamu mnazijua zilivyo.

Kwa asiyejua, Karthala ni volkeno hai, iko Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, mita 2,361 kwenda juu, na Moroni mji mkuu wao umekaa pale chini miguuni pake. Sisi watu wa Lamu Ngazija si ugenini sana. Habib Swaleh, yule shekhe aliyeanzisha msikiti wetu wa Riyadha, asili yake kule, kila Maulidi wageni wao tunawapokea, na sisi kwetu tuna khalati, ndugu yake mama, kaolewa Moroni tangu mimi sijazaliwa. Ndio nilikwenda kwa harusi ya mwanawe, na harusi za Ngazija ukialikwa beba nguo za kutosha, haziishi leo wala kesho. Sasa katikati ya shughuli moja na nyingine tukabaki na siku mbili za bure, mimi na shemeji yangu wa Malindi, shemeji ndio akaona bango mjini, picha ya shimo lina moshi, mzungu kasimama pembeni anacheka, chini imeandikwa kwenda na kurudi siku moja.

Mimi kabla ya hapo mlima wangu mrefu ni vile vilima vya mchanga vya Shela, tena navipanda siku ya Idi. Shemeji ndio kabisa, yeye kupanda kwake ni kupanda tuktuk.

Ofisi yenyewe siitaji jina, khalati anakaa mtaa huo huo na mimi nataka kurudi. Bei walisema euro 70 kila mtu, kwetu Kenya kama shilingi elfu kumi hivi ilivyokuwa siku zile, na ndani yake gari la kwenda na kurudi, mtu wa kutuongoza, tochi za kichwa, chakula cha mchana na maji. Hesabu za pesa kule hazisumbui, faranga yao imefungwa na euro, moja kwa 491 na kitu, haipandi haishuki, si shilingi yetu hii ukilala nyingine ukiamka nyingine. Nikamuuliza yule kijana wa ofisini, sisi si watu wa milima, tutaweza? Akasema wazee wa Ulaya wanapanda seuze nyinyi. Nikamuuliza tena maji yatatosha? Akasema yapo tele. Hayo maneno mawili nataka muyakumbuke.

Makubaliano gari lije saa nane usiku. Saa nane tuko mlangoni tumevaa, khalati katutilia chai kwenye chupa na vitumbua, amekasirika kwa sababu hakuona maana ya jambo lenyewe. Saa tisa hakuna gari. Tunapiga simu haishikwi. Gari limekuja saa tisa na nusu, dereva hata pole hakusema, na ndani mna tochi moja. Watu wawili, tochi moja! Ile saa moja na nusu wakati ule niliiona kitu kidogo, nikasema ndio mambo ya safari. Kumbe ndio iliyoharibu kila kitu, nitawaeleza.

Tumepita Mvouni, hicho ni kijiji cha juu ya Moroni na wengi wanaanzia huko, gari likapanda mpaka barabara ya mashamba ilipogoma. Hapo ndipo tulipomkuta mzee.

Mzee huyu ndiye anayenifanya niandike, la sivyo ningenyamaza na hasara yangu. Ni mtu wa kijiji cha pale mlimani, miaka sitini na zaidi, kavaa kandambili za plastiki na koti la mvua, fimbo mkononi, kasimama kwenye giza anatungoja tangu saa nane ile ile tuliyoambiwa sisi. Hakulalamika. Anasema Kingazija chake pole pole na sisi tunasema Kiamu chetu pole pole, na wallahi tukasikilizana kuliko nilivyosikilizana na yule wa ofisini mwenye Kifaransa chake. Mwanzo kulikuwa na vichekesho. Nimempa tende, akaniambia "marahaba". Mimi nikaona haya, nikajua mzee ananikumbusha kwamba sijamwamkia, nikamwambia haraka haraka shikamoo mzee. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kwao marahaba ndio ahsante. Basi siku nzima kila akinipa mkono wa kunivuta mahali nasema marahaba, naye ananijibu shikamoo, anacheka tena.

Saa kumi na robo ndio tumeanza kutembea. Mwanzo ni mashamba, migomba na mikarafuu, halafu ghafla inakuja harufu ya mlangilangi gizani, miti huioni lakini harufu imejaa, unahisi kama umepita mlango wa chumba cha bibi harusi. Hapo nilisema hii safari tamu. Kidogo tu mashamba yakaisha tukaingia msituni na njia ikawa tope na mizizi, na tochi ni ile moja, anaivaa shemeji kwa sababu ndiye anayeanguka zaidi.

Ndani ya msitu tukasikia bundi. Mnajua bundi kwetu. Shemeji kasimama papo hapo anasoma Ayatul Kursi, anasema mimi sendi. Mzee akamwambia hawa ni wenyeji wa mlima, na kweli kuna bundi mdogo wa Karthala ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa mlima huo mmoja, wazungu wanatoka kwao na madarubini kumtafuta na wengine hawamwoni, sisi tumemsikia bure. Shemeji akasema bora wangemchukua. Tukaendelea, alfajiri ikatukuta chini ya mti mkubwa umejaa kuvu na majani yanadondosha maji, tukasali hapo, na nikiri sijapata kusali mahali penye kimya kile.

Msitu una urefu wake, nausema kwa maneno machache lakini ni masaa, ni kupanda tu, hakuna mahali pa kusema sasa tambarare. Mlima wenyewe ukiutazama kwa mbali haukuchongoka kama Kilimanjaro, umelala kama sufuria iliyofunikwa, unadanganya kwamba ni mpole. Juu ya msitu miti inakuwa mifupi, vichaka vya majani membamba kama sindano, na baridi, nyinyi, baridi! Mwezi wa nane kule kipupwe, upepo unapita kwenye shati kama hukuvaa. Mimi nina sweta moja na kikoi nikajitanda kichwani, mtu wa Lamu akipotea utamjua kwa kikoi. Halafu ndio likaja jivu. Jivu jeusi na vijiwe, unakwenda hatua mbili unarudi moja, ni kama mchanga wa Shela ila huu unakata. Raba mpya za shemeji, kazinunua Malindi kwa ajili ya harusi, soli ya kulia ikafumuka hapo. Mzee akatoa kamba mfukoni akaifunga, kamba anayo, maana yake si wa kwanza.

Tumefika ukingoni saa tano na dakika kumi.

Sijui nianzie wapi. Shimo lile la juu ni kilomita 3 kwa 4. Wenzangu wa Lamu, piga picha umesimama gati ya mjini halafu uambiwe shimo linafika Shela. Upana ndio huo, tena upande wa pili ni ukuta wa jiwe, na ndani yake chini kuna shimo jingine, wanaliita Chahale, hilo ndilo lenye koo la mlima. Rangi hamna, nyeusi na kijivu na mahali pengine kama kutu. Moshi mwembamba mweupe unatoka kwenye nyufa, harufu ya kiberiti inakuja ikienda na upepo. Hakuna ndege, hakuna mdudu, nilisikia damu ya masikio yangu mwenyewe. Shemeji ambaye mdomo wake haujafungwa tangu Malindi alikaa chini hakusema kitu, kisha akasema "subhanallah" mara moja tu.

Moto hakuna, msije mkadanganywa na bango. Mara ya mwisho umelipuka Januari 2007. Mwaka 2006 mwezi wa tano ndio kulikuwa na ziwa la moto humo ndani. Lakini hadithi ambayo mzee aliisimulia kwa urefu ni ya 2005, mwaka ule ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na jivu likawashukia. Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja, lile jiwe lao la volkeno linakunywa mvua yote ikaishia chini, kwa hivyo watu wanakinga maji ya mvua kwenye mabirika majumbani, kitu kile kile sisi visiwani tunakiita jabia. Sasa jivu likaingia kwenye mabirika. Anasema unafungua birika unaona uji mweusi. Moto haukuwagusa, nyumba zimesimama, ila maji ya kunywa hakuna. Mtu aliyekulia Lamu akisikia hiyo anaielewa bila kuelezwa zaidi. Akasema pia mlima huu hautoi juu peke yake, mwaka 1977 ulipasukia chini kabisa ubavuni na lava ikapita kwenye kijiji cha Singani. Na wakati wa babu zao, 1903, watu 17 waliuawa na hewa mbaya tu iliyotoka kwenye nyufa, moto hawakuuona. Alikuwa akiyasema haya huku anatuonyesha kwa fimbo mahali pa kutosogea.

Sasa nirudi kwenye saa moja na nusu. Saa sita kasoro kidogo, tumekaa ukingoni nusu saa na zaidi kidogo, hata dakika arobaini hazijafika, mawingu yakapanda kutoka baharini, yakaingia shimoni kama maziwa kwenye kikombe, ikawa basi. Mkono wangu mwenyewe siuoni vizuri. Mzee akasema kila siku ni hivyo, asubuhi kweupe, mchana linajifunika. Gari lingekuja saa nane tungefika kabla ya saa nne, tungekuwa na masaa mawili ya kutazama. Na hapo hapo wakapita watu wanne na mahema, wamelala juu, alfajiri wameshuka mpaka ndani ya shimo wakatembea mpaka ukingo wa Chahale, wanarudi wamechangamka kama watu wanaotoka sokoni. Nikawauliza mmelipa ngapi, wakanitajia, haikufika hata mara mbili ya yetu. Siku mbili, na mlima wameupata wote. Sisi tumelipa kuangalia mlangoni.

Chakula cha mchana sasa. Mkate mrefu wa Kifaransa umekatwa katikati, umetiwa dagaa wa kopo, ndizi moja. Jamani Ngazija, nchi yenye mataba, yale majani ya muhogo ya nazi, na wali wa nazi na mkate wa sinia unaofanana na wetu, mtu anakupa dagaa wa kopo mita 2,300. Vitumbua vya khalati ndivyo vilivyotuokoa. Maji tulipewa lita moja na nusu kila mtu, na njia nzima hakuna kisima, hakuna kijito, hakuna duka, mpaka kufika juu mimi nimebakiza vidole viwili. "Yapo tele." Mzee alibeba dumu lake la lita tano mgongoni, nilidhani la kwake, kumbe kalibeba kwa ajili yetu kwa sababu ofisi anaijua.

Kwa sababu ya maji hayo hayo ilipofika adhuhuri tukaamua kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa vumbi badala ya maji, na hapo ukazuka mjadala. Shemeji anapiga mikono kwenye jivu, mzee anamwambia ngoja, sisi sote ni watu wa madhehebu ya Shafii, tunataka vumbi la udongo, na hili ni kitu kilichoungua. Shemeji anasema si ardhi hii? Mzee anasema jivu la jikoni kwako ni ardhi? Wamebishana mimi natetemeka kwa baridi. Mwisho mzee akashuka kidogo kwenye vichaka akachimba kwa fimbo chini ya mzizi akatoa udongo mkavu kiganjani, tukasali. Naomba mwenye elimu yake aniambie, mimi nilimfuata mzee.

Kushuka sitakueleza sana. Ni masaa sita na nusu, kucha za vidole gumba mbili zimekuwa nyeusi mpaka leo, shemeji kaanguka mara saba nimehesabu. Giza likatukuta msituni na tochi ikafa, tukamulika kwa simu mpaka na yenyewe ikabaki asilimia nne. Mzee anatembea mbele bila taa anasema tu "jiwe", "mzizi", "jiwe", na sisi nyuma kama vipofu wa mtaa mmoja. Tumefika barabarani saa moja na nusu usiku. Gari hakuna. Limekuja saa tatu kasoro, na dereva akadai faranga elfu tano ya kungoja. Ya kungoja! Sisi ndio tumekaa juu ya jiwe! Nikamlipa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kugomba, hilo ni kosa langu.

Kesho yake nikaenda ofisini nachechemea. Nikamweleza yule kijana kuhusu gari, tochi, maji. Akasema lakini mlima mmeuona? Nikasema nimeuona. Akasema basi. Risiti nilipoomba akaniambia mwenye kitabu hayupo.

Kwa hiyo nyota zangu ni hivi. Mlima tano, ungekuwa na sita ningeupa. Mzee tano, na alipwe zaidi, nilimuuliza ofisi wanampa ngapi katika zile euro 140 zetu akanitajia nikaona aibu mimi, tukamwongeza mkononi. Ofisi nyota moja, ya bango zuri. Ukienda wewe, chukua ya siku mbili, usilipe pesa zote mwanzo, na kabla ya yote waulize wenyeji mlima umetulia au la, kuna kituo cha wataalamu wanaupima kila siku kwa hivyo habari zinajulikana mjini. Maji lita nne ubebe mwenyewe, nguo ya baridi ya kweli, viatu ulivyokwisha kuvivaa miezi. Nenda kipupwe, mvua za kaskazi zikianza ile njia ya msituni mimi siitaki hata bure. Na panda mpaka Mvouni mwenyewe siku moja kabla, kaa barazani na watu, ongea Kiswahili pole pole, ulizia wazee wanaopandisha wageni. Utampata wako na pesa zitaingia mfuko unaostahili.

Nimerudi Lamu na vanila za Moroni kumpa mama, yeye tangu mwanzo kwenye simu alikuwa akiniuliza "mwanangu, wenda kutafuta nini yuu ya mlima wa moto?" Kaninusia vanila, kaniangalia kucha, akauliza na huo moto umeuona? Nikamwambia moto hapana mama, moshi tu. Akanyamaza kidogo. "Elfu kumi kwa moshi? Ungekuya mekoni."